Sindano ya Wembamba na Hesabu Tusiyoiweka

Kwa muda sasa maneno yamekuwa mengi, barazani Unguja na Pemba na maofisini huku Bara, juu ya sindano za kupunguza unene. Huyu husema ni neema iliyoshuka. Yule huapa kwamba zinagandisha damu na kuua. Wote wawili husema kwa sauti kubwa, na aghalabu hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nami nisingelitia mkono katika jambo hili, madhali si tabibu, lau lisingalinijia mlangoni, tena mbali kabisa na pwani: Tosamaganga, mkoani Iringa.

Kwa ndugu zangu wa visiwani wasiopajua, Tosamaganga iko kilomita zipatazo 15 kutoka Iringa mjini, juu ya kilima kinachoitazama Kalenga, iliyokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa hadi Wajerumani walipoipiga kwa mizinga mwezi Oktoba 1894. Wenyeji husimulia kuwa jina lenyewe lina maana ya kutupa mawe. Wamisionari walijenga hapo kanisa, shule na hospitali. Shule ikaja kuwa ya Serikali, nami nikapelekwa kusoma kidato cha 5 na cha 6, kijana wa Kipemba aliyeanza alifu kwa kijiti chuoni na ambaye hakupata kuota moto asubuhi mpaka siku alipofika huko. Baridi ilinitesa, watu walinipokea. Ndiyo maana binti yangu alipoposwa na kijana wa Tosamaganga sikuwa na la kupinga.

Kina mama wa kwetu wakafunga safari kuja arusini. Miongoni mwao alikuwamo shemeji yangu, mke wa kaka. Boti ya kutoka Unguja ni mwendo wa saa mbili hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni kilomita zipatazo 500, kwa basi, kupita Mikumi na kuupanda mlima wa Kitonga. Wenzake waliteremka njiani kununua mahindi ya kuchoma na kujinyoosha. Yeye alibaki kitini dirishani tangu alfajiri hadi jioni, hakula wala hakunywa, kwa kuwa tumbo lilikuwa likimchafuka. Walidhani ni mawimbi ya bahari hayajamtoka.

Kesho yake ndama ya mguu wa kushoto ilivimba, ikawa ya moto na yenye maumivu. Wazee wakamkanda kwa mafuta ya nazi, jambo ambalo baadaye tuliambiwa halikufaa kabisa. Siku ya tatu, alipopanda kijilima kidogo tu, pumzi ikamkatika. Tukamkimbiza hospitali. Daktari akampima kwa mashine ya kuonyesha ndani ya mwili, akatuonyesha katika kioo mshipa mkubwa wa paja ambamo damu ilikuwa imeganda kama ute wa yai uliochemka. Akaamuru sindano ya kuzuia damu isiendelee kuganda ianze saa ileile, kabla hata ya maswali kwisha.

Maswali yenyewe yalikuwa mengi. Je, amewahi kuganda damu siku za nyuma? Mama yake au dada zake je? Amefanyiwa upasuaji karibuni? Amesafiri muda gani akiwa amekaa? Anatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Anatumia dawa yoyote nyingine? Kwa swali hili la mwisho shemeji alijibu kwamba hatumii. Jioni, tulipokwisha kuondoka wanaume, alimnong'oneza mke wangu kwamba kwa wiki 9 alikuwa akijidunga tumboni sindano ya kupunguza mwili. Aliinunua kwa simu kwa mfanyabiashara mmoja wa vitenge na manukato anayeagiza bidhaa kutoka Dubai. Aliambiwa aongeze kipimo kila wiki ili awahi arusi. Na vidonge vya uzazi wa mpango alikuwa akimeza, ila aliona haya kuvitaja mbele ya shemeji zake.

Nilimwuliza daktari swali ambalo kila msomaji angeuliza: je, ni sindano hiyo iliyomgandisha damu? Akanijibu kuwa hawezi kusema. Nilikasirika kidogo, nakiri, kwani nilitaka mkosaji. Baadaye nilipotulia na kusoma niliona kwamba jibu lake lilikuwa la haki kuliko yote niliyoyasikia barazani.

Damu ya mguuni hurudi moyoni ikipanda, na moyo peke yake hauwezi kuivuta. Kazi hiyo hufanywa na misuli ya ndama, ambayo kila mtu anapotembea huikamua mishipa na kuisukuma damu juu. Mtu akikaa saa 10 bila kunyanyuka, pampu hiyo hulala. Tangu karne ya 19, zama za tabibu wa Kijerumani Rudolf Virchow, matabibu hutaja mambo matatu yanayogandisha damu: mwendo wake kupungua, ukuta wa mshipa kudhurika, na damu yenyewe kubadilika hali. Bonge likikatika hupanda hadi mapafuni, na hapo roho huwa hatarini. Basi mtazame mgonjwa wetu. Alikaa kitini kutwa nzima. Hakunywa maji, na damu ya mtu aliyekaukiwa maji huwa nzito. Alikuwa akimeza vidonge vyenye homoni ambavyo vimejulikana kwa miaka mingi kuwa huongeza hatari hii. Alikuwa mnene, na unene wenyewe huizidisha hatari ya damu kuganda miguuni karibu mara 2. Juu ya hayo yote, sindano. Ni nani awezaye kusimama mbele ya kitanda kimoja chenye sababu 5 na kumnyooshea kidole mmoja tu?

Sasa tuseme yanayojulikana juu ya dawa hizi, maana hapana faida kuitisha watu kwa jambo lisilothibitika, wala kuwaliwaza kwa jambo lisilochunguzwa. Dawa za jamii hii zilianzia kwenye tiba ya kisukari. Ya kwanza kuidhinishwa Marekani, mwaka 2005, ilitokana na uchunguzi wa mate ya mjusi mmoja wa jangwani mwenye sumu (Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure). Iliyo mashuhuri leo ni semaglutaidi, inayouzwa kwa jina la Ozempic kwa wenye kisukari na Wegovy kwa wenye unene. Nyingine ni tirizepataidi, yaani Mounjaro. Hufanya kazi kwa kuigiza homoni ya utumbo inayouambia ubongo kuwa mtu ameshiba, na kwa kuchelewesha chakula kutoka tumboni. Katika jaribio la watu 1,961 lililochapishwa mwaka 2021, waliodungwa semaglutaidi kila wiki kwa wiki 68 walipungua uzito kwa wastani wa karibu asilimia 15. Hiyo si hadithi ya mganga wa kienyeji; ni dawa yenye nguvu kweli.

Kuhusu damu kuganda, habari ina pande mbili, na hapo ndipo barazani wanapochanganya. Upande wa ateri, yaani mishipa inayopeleka damu moyoni na kwenye ubongo, dawa imeonekana kulinda. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu 17,604 wenye unene na maradhi ya moyo lakini wasio na kisukari, katika nchi 41: waliopata mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha moyo walikuwa 6.5 katika kila 100 kwa waliodungwa semaglutaidi, na 8 katika kila 100 kwa waliodungwa maji matupu. Upande wa vena, yaani mishipa inayorudisha damu, kama huo wa paja la shemeji yangu, ushahidi unayumba. Uchambuzi mmoja uliojumlisha majaribio kadhaa uliashiria kwamba damu kuganda miguuni kulionekana zaidi kwa waliotumia semaglutaidi, ila waliopatwa walikuwa wachache mno kuweza kujenga hoja nzito. Uchunguzi wa baadaye wa kumbukumbu za wagonjwa wengi wa kisukari ukaelekea upande wa pili, kwamba hatari inapungua. Mwenye akili atasema: suala liko wazi bado.

Lakini kuna njia ambayo haina ubishi. Dawa hizi huleta kichefuchefu, kutapika na kuharisha, hasa kipimo kinapopandishwa haraka. Ndiyo sababu Wegovy huanza na kipimo kidogo cha miligramu 0.25, hukaa hapo wiki 4, kisha hupanda ngazi kwa ngazi, kila ngazi wiki 4. Anayeruka ngazi hutapika, anayetapika hukaukiwa, aliyekaukiwa hulala au huketi. Katika hali hiyo damu haihitaji kusukumwa sana ili igande. Tena tirizepataidi ina onyo jingine lisilofika masikioni mwa kina mama wanaonunua kwa simu: kwa kuwa huchelewesha tumbo, hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na mtumiaji hushauriwa ashike njia nyingine kwa wiki 4 baada ya kuanza na baada ya kila kupandisha kipimo. Nani amwambie haya muuza manukato?

Na hayo yote ni kama ndani ya kalamu mlikuwamo dawa yenyewe. Mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya matoleo matatu ya Ozempic ya bandia yaliyogunduliwa mwaka 2023 katika Brazil, Uingereza na Marekani. Huko Austria mwaka huohuo wa 2023 watu walilazwa baada ya kujidunga kalamu za bandia, sukari yao ikashuka ghafla, ishara kwamba walichodungwa kilikuwa insulini. Wenzetu hao wana maduka ya dawa yenye wakaguzi kila mtaa. Sisi tuna simu, mkoba, na boti ya saa moja asubuhi.

Wapo watakaosema: jambo lenyewe ni adimu, kwa nini kupoteza karatasi? Hao nawakumbusha yaliyotokea si zamani. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua uchanjaji wa UVIKO-19 nchini kwa chanjo ya Johnson & Johnson, baada ya kupokelewa dozi 1,058,400. Chanjo hiyohiyo Marekani ilikuwa imesimamishwa kwa muda tangu tarehe 13 Aprili 2021. Kisa nini? Wanawake 6 walikuwa wameganda damu kwa namna isiyo ya kawaida, katika dozi zipatazo milioni 6.8. Sita, katika milioni karibu 7! Hakuna daktari mmoja, hata awe hodari namna gani, angeweza kuliona jambo hilo akiwa peke yake katika wodi yake. Lilionekana kwa sababu kila mmoja wa wale 6 aliandikwa, karatasi zao zikakutana mahali pamoja. Watu wakaambiwa wazi, hatari ikapimwa na faida, chanjo ikarudi ikiwa na onyo lake. Vivyo hivyo semaglutaidi: mwezi Juni 2025 wakala wa dawa wa Ulaya ulihitimisha kwamba inaweza, kwa nadra sana, kuleta ugonjwa wa mshipa wa jicho unaoweza kupofusha, pengine mtu 1 katika watumiaji 10,000. Moja katika elfu kumi haionekani kwa macho. Huonekana kwa daftari.

Iringa si mahali pa kufundishwa habari za daftari. Mwaka 1983 Serikali, pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha zilizotolewa na Italia, ilianzisha mkoani humu mpango wa lishe katika vijiji 168. Watoto wa chini ya miaka 5 walipimwa uzito kila miezi mitatu. Mizani ilining'inizwa, mama akamweka mwanawe, mhudumu wa kijiji akaandika. Kisha, na hapa ndipo palipokuwa na nguvu ya mpango wenyewe, takwimu hazikufungiwa kabatini. Zilisomwa mbele ya wanakijiji, na vifo vya watoto vikajadiliwa hadharani: kimesababishwa na nini, na tutafanya nini. Walimwengu walikuja kujifunza Iringa. Kabla ya hapo, mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilikwisha kuwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kuchimba vyoo. Nchi iliyoweza hayo bila ya simu ya mkononi haiwezi kusema leo kwamba kuandika jina la dawa ni kazi ngumu.

Nikiri kwamba nilipokuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi jambo moja lilinisumbua. Kwa takwimu za Serikali za mwaka 2022, watoto karibu 57 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa, mkoa huu unaolisha nchi. Na mimi nimemleta hapo mgonjwa aliyedhurika akiutafuta wembamba kwa fedha. Sikuona aibu kwa ajili yake. Unene ni maradhi, na mwenye maradhi ana haki ya tiba kama mwingine. Mwezi Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi katika orodha ya dawa muhimu, kwa wenye kisukari pamoja na unene na maradhi ya moyo au figo. Aibu niliiona kwa sababu ile mizani iliyomhifadhi mtoto wa Iringa tangu 1983 haikuwapo kwa shemeji yangu. Hakuna aliyempima uzito kabla ya kumwuzia. Hakuna aliyempima shinikizo la damu. Hakuna aliyemwuliza lile swali la mama yake na dada zake, ambalo daktari wa Tosamaganga aliliuliza kwa dakika moja.

Ndugu viongozi mnaosoma safu hii mnajua kwamba afya si jambo la Muungano. Bara dawa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Zanzibar ni Wakala wa Chakula na Dawa. Ni sawa, kila upande una sheria yake. Lakini bonge la damu halina habari ya mipaka hiyo. Dawa iliingia Unguja, mgonjwa akavuka bahari, madhara yakatokea juu ya kilima cha Uheheni. Taarifa yake iandikwe wapi? Ikiandikwa Bara tu, Unguja alikonunua hakuna atakayejua. Na pengine mwanamke mwingine, mwenye kalamu ya sanduku lilelile, yuko Chake Chake anaona mguu unavimba. Tanzania ni mwanachama wa mpango wa kimataifa wa kufuatilia madhara ya dawa tangu 1993. Basi kisichozidi uwezo ni kuwa na daftari moja la madhara linalosomwa na pande zote mbili kila mwezi, na mganga wa zahanati ya Makunduchi na yule wa Tosamaganga waandike ndani yake kwa maneno yaleyale.

Wakaguzi nao wana kazi bandarini Malindi na viwanja vya ndege, ila naomba jambo moja lieleweke. Mkono ukimwangukia mtumiaji, mtumiaji ataficha. Shemeji yangu alificha kwa haya tu, bila ya kumwogopa askari, na kwa siku nzima daktari alimtibu akiwa hana nusu ya habari. Mkono umwangukie muuzaji anayeuza bila ya cheti, bila ya jokofu, bila ya kujua anachouza, kwani kalamu hizo kabla ya kuanza kutumika hutakiwa kukaa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, si ndani ya sanduku la vitenge. Na jambo lifanyike upesi. Hataza ya semaglutaidi katika nchi kama India na China ilipangiwa kumalizika mwaka 2026. Dawa itakuwa rahisi, na kilicho rahisi huenea. Leo ni wake za wenye uwezo. Si muda mrefu itakuwa ni kila mtaa.

Shemeji alilazwa siku 6. Arusi ilifanyika yeye akiwa kitini, mguu umeinuliwa juu ya kigoda, na kina mama wa Kihehe wakimletea uji wa ulezi aliokuwa hauwezi kuumaliza. Aliondoka na vidonge vya kuzuia damu kuganda vya miezi kadhaa, na amri ya kuteremka basi linapopumzika, anywe maji, atembee hatua mia.

Kabla hajaruhusiwa, daktari alitoa fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, akamwomba kalamu yake. Ilikuwa ndani ya mkoba, imeviringishwa kwa kipande cha kanga. Karatasi ya jina ilikuwa imebanduka nusu. Penye namba ya toleo palikuwa pamefutika kwa jasho na mafuta. Daktari aliigeuza mara mbili tatu kwenye mwanga wa dirisha. Akaandika umri, uzito, siku ya kuanza, vidonge vya uzazi wa mpango, safari ya basi. Penye namba ya toleo akapiga mstari, akatia sahihi, fomu ikaenda.